Vidole Vinne na Nusu

Ukisimama barabarani pale Lauscha, mji wa mafundi wa kioo huko Ujerumani, ukaita "Greiner", nusu ya mji itageuka, na hao wasiogeuka ni akina Müller. Ndiyo maana kila nyumba ina jina lake la utani, nalo hurithiwa kama vile watu wanavyorithi pua. Wako Greiner wa Kengele, wako Greiner wa Bata, wako Müller wa Kikombe, na kadhalika mpaka kule juu msitu unapoanzia. Selma alizaliwa kwa akina Kengele, lakini jina la nyumba yake halikumshika. Tangu alipokuwa msichana hadi alipokuwa bibi wa wajukuu wengi, mji mzima ulimwita Selma Nne-na-Nusu, naye aliitika kwa kicheko. Mimi nimeisikia habari ya jina hilo tangu utotoni, kwenye harusi, kwenye matanga na kwenye foleni ya mkate, na bado sijashiba.

Hiyo nusu yenyewe haina ajabu. Alikuwa mtoto mdogo, akashika mrija wa kioo uliopasuka, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kikabaki kipande. Wanasema hakulia sana. Aliuliza tu kama kitaota tena kama viazi.

Kwao kazi ilikuwa ile ile ya kila nyumba, matufe ya kioo ya kupamba mti wa Krismasi. Baba yake, Albin, alikaa mbele ya moto wa gesi akiyapuliza, mashavu yamemvimba. Mama yake, Meta, aliyapaka rangi na kuyafunga kwenye maboksi, maana mengi yalikwenda mpaka Marekani. Selma aliyatia fedha ndani, ile ya kung'arisha, si ya kununulia. Kazi hiyo aliipenda mno, mtu angedhani analipwa kwa kucheka.

Fedha hiyo huja katika hali ya chumvi. Ni punje nyeupe zisizo na makuu, ungeziona ungetaka kuzitia kwenye supu, ila zinakaa katika chupa ya kahawia kwa sababu mwanga huziharibu. Selma aliziyeyusha katika maji ya theluji. Maji ya kisima hayafai, kwa sababu yana chumvi zake nyingine, na yakikutana na chumvi ya fedha yanageuka maziwa. Kisha alidondoshea amonia, ile kali inayotoa machozi. Mchanganyiko ulichafuka kwanza ukawa tope, halafu tone moja baadaye ukawa mwangavu kama maji, kama hakuna kilichotokea. Mwisho akatia sukari ya zabibu, akamimina kidogo ndani ya tufe, akalichovya tufe katika maji ya moto huku akilitikisa. Ndani ya kioo rangi ilikuja kama chai, ikawa nyeusi kabisa, mpaka mgeni angesema basi, limeungua. Na hapo hapo ule weusi ukageuka kioo cha kujitazamia, na uso wa Selma ukamtokea humo umetuna mashavu kama ya baba yake. Alikuwa ameshayatikisa matufe yasiyo na idadi, na bado kila lilipogeuka alicheka peke yake. Maji yaliyobaki aliyamwaga kwenye pipa la mabaki jioni ile ile, maana yakilazwa huweza kulipuka na kuondoka na dirisha.

Jambo la muhimu kuhusu chumvi hiyo, na shika hili, ni kwamba ikigusa ngozi huioni. Inakuwa maji tu. Mpaka ngozi hiyo ione mwanga. Hapo inakuwa ya kahawia, kisha nyeusi, na ikishakuwa nyeusi haitoki kwa sabuni, wala mchanga, wala sala. Inatoka siku ngozi yenyewe itakapochoka kuibeba. Kwa hiyo wanawake wote wanaotia fedha walikuwa na vidole vyeusi, na hakuna aliyeona ni ajabu. Msichana mwenye mikono myeupe alikuwa ama binti wa mwalimu, ama mvivu. Chumvi hiyo hiyo mkunga huwatia watoto machoni wakishazaliwa, wasipofuke, na daktari ana kijiti chake anachochomea chunjua, wazee wanakiita jiwe la jehanamu. Mtu wa Lauscha ameionja fedha kwenye jicho kabla hajaonja maziwa ya mama yake.

Sasa, kila nyumba ilikuwa na kipimo chake. Matone mangapi, sukari gani, moto kiasi gani. Kipimo hicho hakikuandikwa popote, kilikaa mikononi mwa mtia fedha. Na kipimo cha akina Kengele kilikuwa hakina mfano. Matufe yao yalitoka yanameta, yakafika Marekani yanameta. Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango, waliishi akina Bata, na ya kwao yalimeta mwezi wa nane, lakini kufika Desemba yalikuwa na rangi ya meno yasiyopigwa mswaki.

"Dawa ya nyumba hii haijawahi kuvuka barabara," Albin alipenda kusema mezani, akigonga uma.

 Mkewe Meta aliendelea kumenya viazi.

Na kwa kuwa dawa ilikaa mikononi mwa Selma, na binti akiolewa huondoka na mikono yake, Albin alikuwa amegeuka mlinzi wa mlango. Mchumba mmoja aliambiwa mbwa anauma, na hapakuwa na mbwa. Mwingine aliambiwa Selma ana hasira za kurithi. Wa tatu aliulizwa maswali mengi kuhusu afya ya mababu zake hata akaondoka akiwa na wasiwasi na afya yake mwenyewe.

Basi moyo wa Selma, kama mioyo inavyofanya ikikatazwa, ukavuka barabara. Ulimwangukia Hilmar Greiner wa Bata. Alikuwa kijana mrefu, masikio yamejitenga na kichwa, fundi wa kupuliza ndege wa kioo wenye mikia ya nyuzi, na katika chama cha waimbaji alikuwa ndiye sauti ya juu. Akiimba, wanawake waliacha kusuka. Selma alimpenda hadi akawa hafai kwa kazi. Alitia chumvi kwenye kahawa. Aliwasalimia kuku. Alipanda ngazi akifuata kitu, akafika juu, akakaa kwenye kitanda na kutabasamu, akashuka bila kitu. Mama yake alimtazama akasema tu, "Mwanangu, viatu umevivaa kushoto kulia."

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imejaa paani, wanaume walikwenda mazoezi ya kuimba, maana kesho yake wangeimba kanisani. Albin alikwenda na sauti yake nzito. Hilmar alimwambia kiongozi wa waimbaji, Bwana Reinhold, kwamba koo linamuuma. Mama yake, kwa huruma, akamzungushia shali la sufu mpaka masikioni. Jioni ilipoingia akavuka barabara, akazunguka nyuma ya nyumba, akagonga dirisha la chumba cha fedha.

Selma alikuwa anamalizia tufe la mwisho. Taa ndogo ya mafuta ilikuwa inawaka kidogo tu, kwa sababu ya ile chumvi isiyopenda mwanga. Walichoongea hakina maana kwa mtu mwingine. Selma alimwambia masikio yake yanaonekana hata ndani ya shali. Hilmar akamwambia amempulizia ndege, lakini ndege amekataa kusimama na mguu mmoja. Wakacheka mpaka Selma akashika mbavu. Halafu akashusha lile shali, akamshika shavu la kushoto kwa mkono wa kulia, mkono mzima, kidole gumba karibu na mdomo na vingine vikishuka shingoni, akambusu.

Mkono ulikuwa umelowa.

Hakufikiri. Vidole vilivyokwisha kuwa vyeusi, nani hukumbuka kuvifuta? Na Hilmar, mtoto wa nyumba ya fedha, aliyekua akichapwa kofi kila alipoisogelea ndoo ya maji ya fedha, alihisi ubaridi wa maji shavuni akaona ni ubaridi mtamu. Alijifunga shali, akaenda kwao akiruka madimbwi ambayo hayakuwepo. Angeosha uso vizuri usiku ule, ingekuwa imekwisha. Hakuosha. Asubuhi mama yake alipomletea beseni alisema maji yatamzidishia koo. Ukweli ni kwamba hakutaka kuosha mahali aliposhikwa. Mama yake aliona kidoa pembeni mwa mdomo, akadhani ni masizi ya taa.

Kanisani waimbaji walisimama mbele, wakitazamana na watu, Albin mstari wa nyuma na Hilmar mstari wa mbele kabisa. Selma alikaa upande wa wanawake, kati ya mama yake na rafiki yake Ottilie, ambaye naye alikuwa mtia fedha kwa akina Kikombe. Bwana Reinhold alimtazama Hilmar, akamnong'oneza kwamba hawezi kuimba peke yake akiwa amefungwa kama soseji. Hilmar akavua shali.

Shavu lilikuwa jeupe. Lakini Selma alipoliona lile shavu, mkono wake wa kulia ulikumbuka. Ulikumbuka ubaridi, ulikumbuka ndoo, ulikumbuka kwamba haukufutwa. Akatazama dirisha. Lilikuwa refu, la kioo cheupe, na nje theluji ilikuwa tayari kuzidisha jua mara mbili. Mawingu yalikuwepo. Selma, ambaye hakuwa mtu wa sala ndefu, alianza kuyaombea mawingu, moja moja, kwa unyenyekevu mkubwa.

Mawingu yakaondoka.

Jua liliwaangukia waimbaji usoni, Hilmar akafumba macho na kuanza kuimba. Ubeti wa kwanza, hakuna kitu. Ubeti wa pili shavu lilikuwa kama limeona haya, limepata wekundu. Ottilie aliinama mbele. Ubeti wa tatu wekundu ulikuwa kahawia, na kahawia hiyo ilikuwa na umbo. Kidole gumba kilitoka kwanza, pembeni mwa mdomo. Kikafuata cha shahada, kikafuata cha kati, vikitoka polepole kwa zamu kama wageni wanaoingia sebuleni. Kikafuata cha pete. Watu walikuwa wameacha kupumua. Kila mtu katika kanisa lile alijua fedha inavyofanya kazi, kila mtu alijua kinachofuata, na wote walingoja kidole cha mwisho.

Kikatoka nusu.

Benchi la wanawake lilitikisika. Hakuna aliyecheka kwa sauti, Mungu shahidi, lakini benchi lilitikisika hadi vitabu vya nyimbo vikaanguka. Hilmar aliimba hadi mwisho, macho amefumba, sauti safi kabisa, na mkono mweusi wa Selma umemshika shavu mbele ya mji mzima. Selma alitaka ardhi impasukie. Na hapo hapo, sijui niliseme vipi, alikuwa na furaha ya kichaa, furaha ya kumfanya mtu apige mbinja kanisani. Aliuma shali lake.

Albin, aliyekuwa nyuma ya Hilmar, alikiona kisogo chake tu. Aliona nyuso za watu zimevimba kwa vicheko akadhani Bwana Reinhold amekosea. Alipotoka nje ndipo alipoliona lile shavu. Alilitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma. Kisha akavaa kofia na kwenda nyumbani bila kumwamkia mtu.

Nyumbani alifunga chumba cha fedha, ufunguo akampa Meta, akasema kazi hiyo ataifanya yeye mama mtu. Edmund wa Bata, alisema, amemtuma mwanawe kuja kuiba dawa, na mwanawe ameanza kwa kumlegeza anayeijua.

"Hajaniuliza hata sukari gani, baba," Selma alisema.

"Hajakuuliza bado. Jumapili ijayo ikipita tu, unakwenda kwa shangazi yako kule bondeni. Anatengeneza jibini. Hakuna kioo huko, hakuna fedha, hakuna wanaume wenye sauti."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mikono yako iwe myeupe."

Hilo ndilo lililomchoma. Mikono ile ikiwa myeupe atakuwa nani? Hatatikisa tufe tena, hatauona ule weusi ukigeuka mwanga, na Hilmar atakuwa ng'ambo ya milima akiimbia watu wengine. Selma aliyecheka kila siku alikaa jikoni akalia juu ya sahani yake ya donge la viazi. Baba yake aligonga uma akasema dawa ya nyumba hii haijawahi kuvuka barabara. Meta aliendelea kumenya, ila maganda ya viazi yalikuwa manene kuliko kawaida.

Juma lile mji ulifanya kazi kidogo sana. Mama Bata alimsugua mwanawe kwa maziwa ya mgando, kwa majivu, kwa limau, na Hilmar alikaa kwa utii akisuguliwa, kisha akienda nyuma ya nyumba anajitazama kwenye tufe na kufurahi kwamba alama bado ipo. Edmund, kwa kuitwa mwizi, alikasirika akaapa kwamba haendi tena kanisani kuvuta hewa moja na Kengele. Wanaume walisema ni aibu. Wanawake hawakusema kitu, na hilo lilipaswa kuwatia wanaume wasiwasi. Ottilie alikuwa akipita mbele ya dirisha la Selma na kikapu chake cha mkate, na kila akipita aliinua mkono wa kulia, amekunja kidole cha mwisho, akamkonyeza. Selma alidhani anataniwa, akafunga pazia. Alikuwa anapanga sanduku.

Jumapili ikafika, Jumapili yake ya mwisho, na mbingu ilikuwa ya kijivu kama sufuria. Kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Selma aliona kwamba vijana wengi wamefunga shali. Akaona pia wazee wengi wamefunga shali. Mwoka mikate alikuwa amefunga shali na jasho linamtoka. Mchungaji alianza mahubiri, na Selma akashangaa kuona kwamba wasichana wote hawamtazami mchungaji, wanatazama dirisha. Ottilie midomo ilikuwa inamcheza.

"Unaomba nini?" Selma alimnong'oneza.

"Jua."

Mahubiri yalikuwa marefu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika. Mchungaji alipofika kwenye "na mwisho", wingu lilipasuka, jua likaingia kanisa zima kwa mpigo mmoja, kutoka angani na kutoka kwenye theluji. Ottilie alikohoa. Shali zikaanza kufunguka.

Mwanzoni yalikuwa mashavu matupu na shingo tupu, mekundu kwa joto la sufu. Kisha vidole vikaanza kuchanua. Kwenye shingo ya mchumba wa Ottilie, vidole vinne na nusu. Kwenye shavu la mwoka mikate, vinne na nusu. Bwana Reinhold aliinua mikono kuwaongoza waimbaji, ukosi ukashuka, na nyuma ya shingo vinne na nusu, na mkewe akatazama kitabu chake cha nyimbo kama hajawahi kumwona. Bibi kizee wa akina Müller wa Kikombe, mikono inatetemeka, alikuwa amemtia mzee wake mkono kwenye pua na jicho kwa sababu hakulenga vizuri. Wengine waliombwa wakakubali, wengine walishikwa wamelala, na wote waliandikwa na mikono iliyokunja kidole cha mwisho, hivi kwamba hakuna mtu chini ya jua lile angeweza kuapa Selma amemshika nani. Mchungaji aliweka Biblia mbele ya uso wake, na Biblia ikawa inaruka ruka.

Selma alilia na kucheka, akashindwa kujua ameanza na kipi. Alimshika Ottilie mkono mweusi, vyeusi juu ya vyeusi.

Albin alisimama kati ya waimbaji akiyaona yote haya mbele yake, na mwanzoni alikunja uso. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, mdomo ulimponyoka upande mmoja. Mzee yule mwenye mkono kwenye pua alikuwa mjomba wake. Alikuwa karibu kucheka alipoona kwamba macho yote yamehama. Yalikuwa yamemwelekea yeye, na yalikuwa yanatazama juu kidogo ya nyusi zake.

Albin alikuwa na upara mkubwa, safi, anaoutunza. Alikuja kanisani amevaa kofia na kuivua mlangoni, na mstari wa nyuma ulikuwa gizani mpaka jua lilipofika. Sasa lilikuwa limefika. Juu ya upara ule, kuanzia kwenye paji la uso, mkono ulikuwa unatoka. Gumba, shahada, cha kati, cha pete. Watu walingoja nusu.

Kikatoka kizima.

Kicheko kilichokuwa kimeshikiliwa tangu Jumapili iliyopita kililipuka. Selma peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa amegeuka kumtazama mama yake. Meta alikuwa amekaa wima, mikono imekunjwa mapajani, na vidole vyake vitano, vilivyokaa miaka bila fedha na kurudi kwenye ndoo juma lile, vilikuwa vyeusi ti.

Nyumbani hakuna aliyekaa. Albin alisimama katikati ya jikoni, kofia mkononi.

"Nani kanishika kichwa, Meta?"

"Mimi."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri, ukikoroma."

Akafungua boksi la Marekani, akatoa tufe moja, kubwa, linameta, akamwinulia mumewe mbele ya uso. Albin alijiona humo, uso mdogo na kichwa kikubwa, na juu ya kichwa mkono wa mkewe.

"Tazama vizuri," Meta alisema. "Inameta, eh? Dawa ya nyumba hii. Hii dawa haikuvuka barabara, mume wangu, ilivuka kilima. Ni ya baba yangu, kwa akina Kikombe. Aliilinda kuliko wewe, akakwambia mbwa anauma. Mimi nikaibeba kwa mikono hii nikaileta humu, na siku ile hukuniambia nirudi nayo."

 Albin alikuwa bado anajitazama.

"Na mwulize baba yako, Selma, kwa nini mwaka ule alivaa shali la sufu mwezi wa saba mzima."

 Kitu kikaanza kumtikisa Albin kutoka tumboni, kikapanda mabegani, na akacheka, akacheka hadi ikabidi Meta amnyang'anye tufe lisije likavunjika. Alifuta macho. Alisema joto la mwezi ule hatalisahau, alipata vipele hadi kifuani. Kisha akageuka kuelekea mlangoni.

"Kofia yako, baba," Selma alisema.

"Iache hapo."

Akatoka kichwa wazi katika jua lile, mbele ya mji uliokuwa unarudi kutoka kanisani, akavuka barabara. Watu walisimama. Selma alikuwa dirishani. Alimwona baba yake akigonga mlango wa akina Bata. Alimwona Edmund akifungua, amenuna, na kofia ya nyumbani kichwani, maana hakuwa amekwenda kanisani wala hakujua lolote. Edmund aliutazama upara wa Albin. Akautazama tena. Alianza kucheka, akavua kofia ajipepee, na jua likaufikia upara wake pia.

Ilichukua muda kidogo. Albin aliinua kidole, akawa anahesabu kwa sauti juu ya kichwa cha Edmund, na barabara nzima ikahesabu pamoja naye, mpaka nne, mpaka nusu. Nyuma ya mlango Mama Bata alisikika akikimbilia jikoni. Wazee wawili wakashikana mabega, vichwa vyao vyeusi vimekaribiana. Albin akasema jambo ambalo halikusikika ng'ambo, na Hilmar, mrefu, masikio yanang'aa kwa jua nyuma yake, akatokea mlangoni akaangalia dirisha la akina Kengele.

Albin aligeuka, akamwashiria binti yake aje.

Selma alikuwa amekwisha fika mlangoni, mkono umeinuka kusukuma. Akasita. Akarudi hadi kwenye beseni, akaosha mikono kwa sabuni, ingawa haikugusa fedha juma zima, akaisuuza, akaiosha tena, akaifuta kwa kitambaa kikavu kidole kwa kidole, mpaka ile nusu. Ndipo akavuka barabara.